Rais wa Lambo na Ufunguo Wake

Kijiji cha Kwemdoe,
Handeni.
23 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Maryamu,

Assalaam aleikum. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. U hali gani huko Songea? Shemeji Abdulaziz, mgongo umepoa? Na Hajira, meno yameota? Sisi huku wazima, ila jua. Mahindi yamekauka na sisi tunayafuata.

Baba yako ni mzima. Nimelitanguliza hilo kwa makusudi, maana yanayofuata yanamhusu, na afadhali uyapate kwangu binamu yako kuliko kwa watu wa Korogwe wanaoongeza chumvi. Kwa simu ungenikatiza.

Redio yangu siku hizi ni habari za nchi za watu: rais kakosea, wabunge wanabishana, wamkaripie au wamng'oe? Nikawa nasikiliza kama mtu asikiaye ugomvi wa jirani. Kumbe ni wetu. Unajua tangu mjomba awe mwenyekiti wa watumia maji kijiji kizima kinamwita Rais, naye anaitika. Lambo lina zamu, leo wakulima, kesho wafugaji, na ufunguo wa lango anao yeye. Kiangazi hiki akawa anamfungulia rafiki yake Awadhi, mchuuzi wa ng'ombe, ananywesha kundi zima bila zamu. Sasa limebaki tope na maji ya kuchota kwa kikombe, na vuli bado.

Tiampati, yule kijana wa Kimaasai wa ng'ambo ya korongo, ndama wake wakafa. Akaapa kumng'oa Rais. Mimi nikapiga hesabu. Katiba yetu inasema onyo linapita kwa zaidi ya nusu, kumwondoa kunataka theluthi mbili. Wafugaji wangenyoosha mikono wote. Sisi je? Nusu ya kijiji ni wapwa zake, nusu nyingine kawaozesha. Kisimani wanamsema, mkutanoni wangetazama kucha.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni baba yako mwenyewe. Aliniambia huku anachokonoa meno, "Hamisa, mwambie huyo kijana alete hoja yake ya kuning'oa. Asiogope." Nikajua naye kapiga hesabu ileile. Hoja ikianguka, yeye katakasika, na Awadhi atafunguliwa lango mchana kweupe.

Nikamfuata Tiampati, nikamshauri tumpe Rais onyo badala ya kumng'oa.

"Nyoka hupigwa kichwani, mama," akasema.

"Na ukimkosa?"

"Onyo ni maneno. Ng'ombe wangu hawanywi maneno."

"Basi hilo onyo tulitie mkia. Kiti tumwachie, ufunguo tuuchukue."

Akanitazama, akacheka. "Nyie Wazigua ni hatari."

Ugumu ukawa nani alisome onyo. Mpwa gani amkemee mjomba mbele ya watu? Tukamchagua Ernesti, Mnyamwezi wa Ngombezi aliyeoa hapa, kwa kuwa ni mtani wetu, na mtani hakasirikiwi. Nilijiona nina akili sana.

Juzi Jumamosi Ernesti akasimama. "Rais gani wewe, wageni wanakunywa, wenyeji wanaramba tope? Lete ufunguo hapa kabla sijakupeleka mnadani, ingawa sijui nani atakununua!" Watu wakacheka hadi machozi. Kura ya onyo ikapigwa, mikono ikanyooka yote, na wa baba yako juu kupita yote. Akaufungua ufunguo kiunoni, akanikabidhi mimi katibu, huku anacheka.

Jana akatuma mtu: utani umekwisha, ufunguo urudi. Ndipo nikaliona kosa langu. Neno la mtani halimkasirishi mtu, lakini pia halimfungi. Tiampati naye kaleta ujumbe kwamba ufunguo ukirudi, atalivunja lango. Akilivunja, mifugo ya tambarare yote itaingia, na hata yale maji ya kikombe hatutayaona.

Silali, Maryamu. Mjomba ndiye aliyesimama nilipoolewa, ndiye aliyesimama nilipoachwa. Sijawahi kumwambia hapana. Nakuomba umpigie simu. Usinitetee, wala usimwombe kitu. Muulize tu, ule mkono aliunyoosha kwa ajili ya nini? Wewe ni mwanawe wa kumzaa. Hawezi kukujibu kwa utani.

Mama yangu, shangazi yako, anakusalimu. Anasema kaka yake alikuwa hivyo tangu anachunga mbuzi. Mama yako anakusalimu pia, ila kasema hataki kuingizwa. Ernesti angekusalimu, lakini amekimbilia kwao Ngombezi, eti hadi mvua inyeshe.

Naishia hapa, maana baba yako amekuja mwenyewe. Namsikia uani anakohoa, kikohozi cha mtu asiyeumwa. Uji nitampa, na sukari nitamwongezea. Ufunguo uko shingoni mwangu, ndani ya kanga, na huko utabaki.

Mola akukinge na kila shari, na sisi atushushie mvua mapema itupatanishe.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Hamisa