Plagi Mfukoni

Jumamosi, 8 Machi
Mashine ya kukatia majani imegonga jiwe, kisu kimepinda. Mume wangu kanunua kipya. Eti Jumatatu, siku ambayo saluni yake hufungwa, atakifunga mwenyewe — fundi wa nini! Nikamwambia achomoe plagi kwanza, ile inayotoa cheche, maana ukizungusha kisu kwa mkono injini inaweza kuwaka ghafla. Akacheka. Eti nimesomea wapi umakanika? Kwa kaka yangu makanika, ndiyo maana hataki kusikia!
Na huyu ni kinyozi. Vidole vyake ndivyo vinavyotulisha. Naogopa kweli.

Jumapili, 9 Machi
Sikio la kufa halisikii dawa. Basi. Alipokuwa bafuni akiimba, nimechukua spana yake mwenyewe. Plagi hii hapa, mfukoni mwa gauni. Najiona mwizi — mwizi mwenye furaha!

Jumatatu, 10 Machi
Kazi imeanza asubuhi. Glovu? Hana haja. Kipande cha ubao cha kuzuia kisu? Hana haja. Kakamata kisu hivi hivi, anang'ang'ana na nati. Mara kikazunguka, fyu! Mkono ukaponea chupuchupu. Chai imenimwagikia. Ingekuwa plagi imo...! Vidole vyote vipo, nimevihesabu kwa mbali.
Kamaliza. Kavuta kamba ya kuwashia mashine. Kimya. Kavuta tena. Kimya. Kaipiga teke. Nikauliza kwa upole, tumwite shemeji yako? Hataki! Kavuta mpaka bega likamuuma, ndipo akasema haya, mwite.
Kaka kafika, kainama mara moja tu. "Shemeji, plagi iko wapi?"
Mume wangu kaniangalia. Nikajua leo nimekwisha. Wapi! Kakohoa kidogo: "Nimeitoa mimi. Usalama kwanza, shemeji. Mtu hagusi kisu plagi ikiwa ndani."
Kaka kafurahi, kampa mkono! Kasema wengi hawalijui hilo. Haya, ailete basi, waiwashe.
Sasa yuko humu jikoni. Kafungua droo ya vijiko, kafunga. Kaangalia juu ya friji. Mimi naandika tu, sinyanyui kichwa. Kaka anaita kutoka uani: vipi, shemeji, umeiweka mbali?
"Mama watoto," ananinong'oneza, "hujaona..."
Hujaona nini, baba? Itaje.