Kichuguu cha Mama Hakiuzwi

Jumamosi, mwezi wa kumi na moja

Kwako Mama,

Tangu alasiri kuna manyunyu, na ua wote unanuka udongo mbichi. Ungekuwepo ungeshanituma kutoa mabeseni nje tukinge maji. Nimeyatoa kwa mazoea, ingawa sasa nafua nguo za mtu mmoja.

Leo sina huzuni. Nina hasira, na naiandika hapa kabla haijapoa.

Jana kaka yangu, Yaya Kabange, alifika kutoka Kolwezi. Nilidhani amekuja kuona kaburi lako, maana hata miezi mitatu haijatimia. Asubuhi hii akaleta mnunuzi. Mwanaume mwenye mita ya kupimia, aliyepita katikati ya mboga zako za lengalenga kama anakanyaga majani ya njiani. Akagonga ukuta kwa vidole, akauliza matofali haya yalinunuliwa wapi.

Nilitaka kumweleza. Kwamba hapa palikuwa na kichuguu kirefu kuliko mlango, Baba ameshafariki, na majirani walikucheka ulipokipiga jembe. Kwamba udongo ule wa mchwa tuliukanyaga sisi watatu, wewe, Yaya na mimi, ukituimbia ili tusichoke. Kwamba siku ya kuchoma matofali tulikula viazi vilivyoivia kwenye majivu, Yaya akaungua ulimi. Kwamba tofali moja chini ya dirisha lina alama ya mguu wa Simba, mbwa wetu, aliyelikanyaga likiwa bichi. Ulikataa kulitupa. Ulisema na yeye amejenga.

Badala yake niliingia jikoni.

Yaya akanifuata.

"Mudogo yangu, weye utaolewa, utaenda kwa bwana. Parseli, kiwanja na nyumba, iko ya mutoto mwanaume. Njo desturi."

Labda. Lakini siku tulipobeba maji ya kukanda udongo, desturi haikubeba hata ndoo moja.

Ndipo nikakumbuka kopo. Rangi nyeusi iliyobaki tulipoandika jina lako msalabani ilikuwa bado nyuma ya mlango. Huku Kamina kila mtu anajua maana ya maandishi ukutani. Anayesoma "haiuzwi" hajui ni ndugu gani anagombana na nani, ila anajua kwamba akinunua amenunua ugomvi. Nimepita mbele ya kuta kama hizo tangu utoto, nikiwahurumia wenyewe.

Nikatoka na kopo, nikaandika ukutani kwetu, mbele ya macho yao.

NYUMBA HII HAIUZWI.

Herufi nilizifanya kubwa mno. Ukuta ukaisha kabla ya neno, na mwisho wake ukaangukia kwenye ubao wa dirisha. Sasa dirisha lile lazima likae limefungwa ili neno lisomeke.

Mama Sarah, jirani yetu, yule mke wa askari wa kambini, alikuwa anaanika mihogo. Akaja mpaka kwenye uzio.

"Ee dada! Mwandiko yako iko ya mulevi!" Kisha akamgeukia mnunuzi: "Papa, unajua kusoma, ao tukusomee?"

Alijua kusoma. Akakunja mita yake, akapanda pikipiki.

Yaya alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Nilimwacha apige, nikasonga bukari ya unga wa mihogo, nikapika lengalenga zilizosalimika. Alikula. Akinawa mikono, macho yake yalikwama chini ya dirisha, kwenye ule mguu wa mbwa. Maji yakamchuruzika mikononi. Kisha akasema kwamba atarudi na baba wakubwa.

"Kuya nabo, Yaya. Bukari itatosha."

Nilisema hivyo mimi, ambaye ulizoea kuniambia sauti yangu haifiki hata mlangoni.

Sijui kama nitashinda. Wakija wazee wa ukoo wakaketi kwenye viti vyako, huenda nikalia. Basi nitalia, lakini nitalia nikiwa nimekaa kizingitini, na hakuna atakayepita na mita. Mvua ikifuta maandishi, rangi bado ipo ndani ya kopo. Nimelifunika vizuri.

Mama, huko uliko, ukiwakumbuka watu wako, unikumbuke na mimi, niliyebaki kwenye kichuguu.