Herufi Ulizozitoa kwa Tupa

Fundi Mbwana,

Salamu zitakuja mwisho. Nikianza nazo nitalia, na leo nimekaa kwenye kigoda chako nikiwa na hasira ambayo sitaki inipotee.

Siku ya arobaini yako, ubwabwa umeshaliwa na watu wananawa mikono, Hemedi wa Maparoni alisimama uani kwako akakuita mwizi. Neno lenyewe hakulitamka, hana ushujaa huo. Alisema, "Amana ya babu yangu iliingia karakana hii ikiwa ya kweli, ikatoka bandia." Bi Tatu alikuwa chumbani, yuko edani, akasikia kila kitu. Tangu hapo chakula kikawa hakimpiti, na wanawake wakija kumtazama alikuwa anageukia ukutani.

Unaikumbuka bastola yao. Ile ya gurudumu la matundu sita, ya kushindiliwa baruti na gololi, iliyozibwa mtutu na isiyoweza kuua hata kenge. Imekaa kwenye kabati la kioo sebuleni kwa Hemedi, na kila mgeni hulazimishwa kusikia jinsi babu yake alivyomnyang'anya afisa wa Kijerumani mikokoni, wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Kila mwaka yule Mjerumani anazidi kurefuka. Ulipokwisha kuzikwa, Hemedi akataka iwekwe makumbusho, jina la babu liandikwe chini yake, na la kwake pia kwa herufi ndogondogo. Akamleta mtaalamu kutoka Dar.

Huyo mtaalamu ungemcheka. Glavu nyeupe, viatu vya kuchongoka kwenye tope la Maparoni. Aliishika bastola kama mtu aliyepewa mtoto aliyejikojolea. Lakini macho anayo, nisimdhulumu. Chini ya wenzo wa kushindilia aliona kijisanduku chenye herufi mbili, akasema huo ni muhuri wa ukaguzi wa viwanda vya Ulaya, wa miaka ambayo Hemedi ndio kwanza alikuwa anaanza shule. Kwa hiyo bastola ni nakala. Nani aliitengeneza? Hapo elimu ikamwishia. Juu ya mtutu, mahali ambapo jina la kiwanda hukaa, palikuwa pamesuguliwa pakawa patupu. Akasema labda ni kazi ya fundi wa kienyeji. Hemedi akakumbuka kwamba zamani iliwahi kuletwa kwako.

Yaani wewe! Wewe uliyeshindwa kunyoosha bawaba ya kabati la mkeo kwa miaka tisa, ndiye uunde bastola, uifiche ile ya kweli, kisha ufe maskini hapa Kibiti huku cherehani za watu zimejaa mpaka mlangoni. Na watu waliokula wali wako wakatikisa vichwa, wakasema huenda.

Nilipanda boti nikaenda kuiona. Hemedi alinipa kwa vidole viwili, utadhani wizi unaambukiza. Nikaigeuzia dirishani. Mikwaruzo ya tupa ilikuwa imelalia upande mmoja, upande wa mtu anayetumia mkono wa kushoto. Fundi, nimekaa miaka sita pembeni ya mkono ule. Ni wewe. Nilishukuru, nikarudi Kibiti, sikumwambia mtu. Siku mbili zilizofuata nilikuchukia, na ujue hivyo.

Kisha nikafungua sanduku lako la karatasi. Hukupokea chuma cha mtu bila kukichukulia sura: karatasi nyembamba ya pakiti ya sigara juu ya maandishi, mkaa juu ya karatasi, unasugua mpaka herufi zitoke, halafu kidole gumba cha mwenye mali pembeni. Makufuli, cherehani, magobole ya wawindaji wa Ngarambe wenye vibali vyao, vyote vimo. "Chuma kikitoka hapa kibishane na karatasi, si na mimi," ulikuwa unasema. Mimi niliona ni ushamba.

Sura ya bastola imo. Jina la kiwanda cha Ulaya na mji wake, na chini yake maneno ya Kiingereza yanayoonya: baruti nyeusi tu. Mjerumani gani wa vita vile alihitaji kuonywa kwa Kiingereza? Pembeni kuna alama ya kidole gumba kilichopasuka katikati, kidole ambacho Maparoni nzima inakijua. Ni cha Mzee Athumani, baba yake Hemedi, aliyejikata kwa panga akikata mikoko. Nyuma ya karatasi, mwandiko wako mbaya: "Kainunua kwa Mzungu wa kambi ya uwindaji. Kanililia herufi zitoke, wanawe wasijue. Nimekubali. Siri mpaka tuingie kaburini wote wawili."

Kwa hiyo hukuwa mwizi. Ulikuwa mpumbavu. Mtu amekuletea uongo wake, ukausafisha kwa jasho lako, na mwanawe akautumia kukuvua nguo mbele ya mkeo. Tena kazi yenyewe ni mbovu! Mara ngapi umenisema kwa kutofungua chombo chote? Wenzo hukuufungua, Fundi. Ule muhuri ulikuwa hapo chini unakusubiri.

Nikaifikiria ahadi yako. Mzee Athumani yuko kaburini, na wewe uko kaburini. Muda umekwisha. Nikawakusanya walewale walaji wa wali wako, nikaibandika karatasi kwenye kioo cha kabati la Hemedi. Hemedi alikigusa kile kidole. "Baba alikuwa ananipakata ndio ananisimulia," alisema. Nilijaribu kumwonea huruma, haikuja.

Alikuja Kibiti, akamwomba radhi Bi Tatu aliyekuwa nyuma ya pazia. Halafu akapita hapa karakana, ameifunga bastola kwenye kitambaa, akasema kwa sauti ya chini, "Zuhura, na ule muhuri mdogo, si unaweza kuutoa? Wanangu hawajajua bado."

Nilimwambia hapana, na mengine ambayo siyaandiki. Lakini nikuambie ukweli, maana huwezi kumsimulia mtu. Kabla mdomo haujasema hapana, mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye msumari ulipokuwa unatundika tupa yako.

Basi pokea salamu zako sasa. Bi Tatu anakula, na jana alikutukana kwa kumficha siri, kwa hiyo amepona. Mungu akupanulie mahali ulipolala. Nakuahidi kila chuma kitakachoingia humu nitakichukulia sura, na tupa yako haitagusa jina la kiwanda chochote kwa ajili ya machozi ya mtu yeyote. Na ile bawaba ya kabati nimeinyoosha. Ilichukua dakika tano tu, nami nililia zote tano.

Mwanafunzi wako,
Zuhura