Viazi Vilivyofika Bila Salamu

Nyumbani kwa Alio Nunow,
Nyuma ya Soko la Mbuzi,
Garissa.
29 Julai, 1966.

Mpendwa Abti Keinan,

Assalaam aleikum. Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na mkeo Zeinab na wote wa nyumba yako hapo Mombasa. Je, kile kikohozi cha moshi wa jikoni kimepona? Na hao wakubwa wa hoteli bado wanakuachia Ijumaa yako? Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Hooyo, dada yako Ardo, mgongo unamsumbua kwa sababu ya kuinamia tanuri, lakini ukimuuliza atasema hana kitu. Mdogo wangu Dekow ameota meno mawili ya mbele na anamuuma kila anayembeba.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama siku zote, maana Kisomali chetu hatukufundishwa kukiandika, na Kiingereza cha shule najua hukipendi. Barua hii sikuitia posta. Mwalimu Mwakio anakwenda kwao likizo, akasema atakufikishia mkononi. Tafadhali tazama bahasha kabla hujaifungua. Nimepiga mstari mdogo wa wino pale penye gundi. Kama mstari haukutani vizuri, kuna aliyeifungua. Sisemi ni mwalimu. Nasema tu kwamba siku hizi namtazama kila mtu mara mbili, hata mbuzi.

Abti, nataka kukueleza habari ya chipsi. Unajua mdomo wangu ni mzito, wageni wakija mimi hujificha nyuma ya pazia. Lakini kwenye karatasi ninaweza.

Ulipokuja mara ya mwisho, wakati magari yalikuwa bado yanakwenda yenyewe bila askari mbele na nyuma, ulituambia kwamba hotelini kwenu kuna chipsi zisizokaangwa, zinaokwa, nazo hukauka zikalia mdomoni. Ukasema tanuri la Hooyo lingeweza kazi hiyo kuliko majiko ya Wazungu. Mimi nilikuwa nimekaa kimya pale mlangoni, lakini kila neno nililishika. Nilikuwa nangoja viazi tu.

Basi viazi vikaja. Siku moja karibu na magharibi Aabo, shemeji yako, aliingia na nusu gunia begani, akalitua chini akasema, "Ametuma Keinan."

Nikamuuliza, "Nani amelileta?"

"Dereva."

"Dereva gani, Aabo?"

Akanigeukia. "Naa Saado, umeajiriwa polisi lini?"

Nikalivuta gunia hadi jikoni. Lakini wewe unajua desturi yetu. Mtu aliyebeba mzigo wa mtu hakukabidhi mpaka kwanza akupe salamu zote: fulani mzima, fulani amejifungua, mvua imenyesha au haikunyesha, ndipo mzigo. Na wewe, abti, hata ukituma nusu kilo ya majani ya chai, huja na maneno ya kumchokoza Hooyo kwamba apunguze chumvi. Safari hii hakuna. Nililikung'uta gunia, nikatazama hadi kwenye mishono. Hapakuwa na karatasi, wala Aabo hakuwa na salamu yoyote ya kutupa.

Tena madukani hakuna viazi siku hizi. Vikija na msafara, vinaishia kambini kwa askari. Na jirani yetu Dubow, mume wa Timiro, alikuwa amechukuliwa na askari siku mbili tu kabla. Mtaa mzima unasema kuna mtu aliyepeleka maneno kambini. Sasa wewe mwenyewe panga hayo mambo, utaona yanavyokaa. Mimi niliyapanga usiku ule ule na sikulala.

Pamoja na hayo nilipika. Ndiyo, abti, nilipika. Shaka ilikuwa kifuani na hamu ilikuwa mdomoni.

Nilivikata vyembamba kama kidole changu cha mwisho, nikavilaza kwenye maji mpaka maji yakawa meupe. Sinia la kwanza liliharibika. Nilikuwa na haraka, sikuvikausha, halafu nikavirundika. Vilichemka kwa mvuke wao wenyewe vikawa kama ugali uliolala. Alivila Dekow. Sinia la pili nilivifuta kimoja kimoja kwa shuka kuukuu, nikavipaka samli, chumvi, saumu ya kutwanga na vile viungo vya hawaji vya Hooyo vyenye jira, iliki na bizari. Nikavitandaza visigusane. Nikalisukuma sinia ndani, na kila mara nikalitikisa kwa mti ili vigeuke. Vilipotoka vilikuwa na rangi ya ngozi ya ngamia, na ukivikoroga vinalia kama majani makavu. Juu yake ndimu na pilipili ya unga. Wallahi, abti, vilikuwa vitamu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba vilikuwa vitamu.

Aabo hakuvila. Alisema meno yake hayataki. Meno yake hutafuna mifupa.

Sasa nikuambie ubaya niliofanya. Kwa kuogopa harufu, nilifunika mdomo wa tanuri kwa bati, na juu ya bati nikaweka gunia lililoloweshwa maji. Hooyo alipouliza, "Sahani ya Timiro iko wapi?" nilisema zimekwisha. Hazikuwa zimekwisha. Lakini ningempelekeaje viazi mwanamke ambaye mumewe yuko kambini? Kwetu nyumba ikipika kitu kinachonukia, sahani huvuka ua. Sahani haikuvuka, na harufu ilivuka.

Asubuhi wanawake walikuja na unga wao uliokandwa, kama kawaida, kila mmoja ampe Hooyo kidogo chake kwa ajili ya kuni. Timiro ndiye aliyetangulia. Alibandika mkate wake wa muufo kwenye ukuta wa tanuri. Ukashika kidogo, kisha ukateleza taratibu kama mtu anayesinzia, ukaangukia majivuni. Akabandika wa pili. Nao ukaanguka. Wa tatu ukaanguka. Nilijua papo hapo: nilipokuwa nalitikisa sinia, samli ilirukia kuta zote.

Timiro aliingiza mkono, akapangusa ukuta, akanusa vidole.

"Saumu," akasema. "Naa Ardo, jana mlipika nini mkakifunika?"

Hooyo alinitazama mimi. Neno likatoka lenyewe: "Viazi."

"Viazi!" Timiro akacheka, lakini hakikuwa kicheko. "Mume wangu ameingia kambini, na viazi vimetoka kambini. Hiyo ni biashara nzuri."

"Ni vya kaka yangu Keinan," Hooyo akasema.

"Haya, vizuri. Anasemaje Keinan? Yuko mzima? Mkewe je? Tupe salamu zake sisi tuliomkaribisha."

Hooyo akainama kuokota mikate majivuni. Hakuwa na salamu yoyote. Wanawake waliyaona hayo. Wakachukua mabeseni yao mmoja mmoja, hakuna aliyeaga.

Tangu siku hiyo hawaji. Hooyo alilichoma tanuri tupu kutwa nzima mpaka mafuta yakaungua, akalisugua kwa majivu. Sasa mkate unashika kama zamani, lakini ni wetu peke yetu. Wao wanachoma mikate juu ya vipande vya bati, inaungua upande mmoja, na bado wanaona afadhali hiyo. Jioni ile ile mtu alitupa maganda ya viazi mlangoni kwetu, yale yale niliyoyafukia mimi nyuma ya boma. Maana yake kuna aliyechimba. Kafyu ikianza sote tunajifungia ndani, na mimi hukaa nasikiliza hatua. Siogopi askari peke yao, abti. Nawaogopa pia wale wa porini wanaopigana na askari hao, watakaokuja kumuuliza Aabo habari za Dubow, nao hawatauliza kwa sauti ya Timiro.

Nilimsikia Hooyo akimuuliza Aabo. Akamjibu, "Mimi Alio nimuuze mtu kwa viazi?" Nimelitafuta neno hapana ndani ya maneno hayo, sikulikuta. Kila siku anakwenda kwenye lango la kambi. Anasema anamuulizia Dubow, na kwamba mtu mmoja lazima aulize. Huenda ni kweli. Mungu anisamehe, namwandalia chai baba yangu huku nikitazama viatu vyake vina vumbi la njia gani.

Sasa, abti, ombi langu. Unajua kwamba barua zako huwa nazisoma kwa sauti pale kwenye tanuri, nazigeuza kwa Kisomali, na wanawake wanasikiliza. Andika barua moja. Anza na salamu ndefu, mtaje Timiro kwa jina, muulizie mumewe. Kisha sema kwamba viazi ulituma wewe. Ningeweza kuyatunga hayo mwenyewe, lakini sauti yangu hutetemeka nikidanganya, na Kaltun, binti wa Timiro, siku hizi anajua kusoma na hukaa begani kwangu akichungulia. Hooyo atawaita wote, na nadhani watakuja, kwa sababu hakuna anayependa kuikosa barua.

Kama ni wewe kweli uliyevituma, eleza pia ulilifunga gunia kwa kitu gani. Sikutajii. Ninacho mimi, chini ya jamvi ninalolalia, na hata Hooyo hakijui.

Na kama si wewe, abti, andika hivyo hivyo kwamba ni wewe, ila usitaje ulilifunga kwa kitu gani. Wanawake watasikia barua ile ile. Tanuri litajaa tena, na hakuna atakayekuja mlangoni kwetu. Atakayejua ni mimi peke yangu, nami nitanyamaza, kazi ambayo naiweza. Dhambi ya uongo huo naichukua mimi, usiihesabu kuwa yako.

Usinikasirikie kwa kukutega. Wewe pia nimekutazama mara mbili.

Nisalimie Zeinab sana, na bibi Fatumo umbusu mkono kwa niaba yangu, na watoto wote. Hooyo anakusalimu, ingawa hajui kwamba ninaandika. Aabo pia, naamini. Mungu akulinde na moto wa jikoni na wa nje ya jikoni, na atuonyeshe nyuso zetu tukiwa salama.

Mimi mpwa wako ninayekupenda,
Saado Alio

Nimesahau: viazi vilivyobaki vimeanza kuchipua. Sivipiki wala sivitupi mpaka nisome jibu lako.