Madaftari Manne ya Eda

Wingwi, Pemba
9 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Asya,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo huko Maskati? Goti la shemeji limepona? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mbuzi wangu mweusi kaitafuna kanga niliyoianika, ile uliyoniletea wewe. Nisamehe.

Barua nimempa Mwatum, anayekuja huko kumtazama mwanawe. Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunikatiza.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unataka niyachane madaftari, kama atakavyo kaka Shaame. Siyachani. Mchapishaji wa Unguja keshakubali kuitoa riwaya yangu, na Jumamosi nampelekea mwenyewe.

Najua kaka alivyokueleza, kwamba dada yako aliandika hadithi ya mapenzi akiwa kizuka, na nguo nyeupe mwilini. Ni kweli. Hamzah wangu alipofariki nilikaa eda miezi minne na siku kumi, sikutoka, sikujitia manukato. Wanawake wenzangu walikuja kila alasiri, wakinikuta nimeinamia daftari hunong'onezana, "Mwacheni, yuwamwombea mumewe." Basi hushusha sauti, nami huendelea kuandika. Sikuwasahihisha. Kwa njia yangu nilikuwa namwombea kweli.

Na kila mtu akiniambia subira. Subira, subira, utadhani nimepanga foleni! Hakuna hata mmoja aliyeniuliza Hamzah alikuwa mtu wa namna gani.

Ndipo nikamtunga Jaribu. Katika riwaya yeye ndiye aliyelichimba kaburi la mume wa Mwanapili, mjane wa hadithi yangu. Eda inapokwisha anakuja na muhogo, anakaa barazani, anauliza marehemu alipenda kahawa ya namna gani. Mwanapili anaeleza, analia, anaeleza tena. Mapenzi yao yanaanzia hapo, na marehemu hasemwi vibaya hata ukurasa mmoja.

Unauliza Jaribu ni nani hasa. Hayupo, Asya. Angekuwepo ningeshakupigia simu zamani.

Nilipofika pale Mwanapili anapocheka, kwa sababu Jaribu kaunguza muhogo wote, nami nikacheka. Mara ya kwanza tangu mazishi. Nikaona haya, kisha nikapandwa na hasira. Haya ya nini? Nampenda Hamzah hadi leo, lakini mimi sikuzikwa naye. Atakayesoma na aseme atakalo, nimechoka kulia kwa ratiba ya watu.

Kaka alipoona sitikisiki akaniomba jambo moja tu: "Japo jina la huyo mwanamke libadili, watu wasije wakakujua." Hapo nimemtii, maana ni mkubwa wangu. Jina la Mwanapili nimelifuta kila lilipo, madaftari yote manne, kwa kalamu yangu nyekundu ya ualimu, na juu yake nimeandika jina jingine. Vidole vinaniuma hadi sasa.

Msalimie shemeji, na wanao Usama na Asma uwabusu kwa niaba yangu. Mungu awahifadhi, atukutanishe tukiwa na afya zetu. Kitabu kikitoka nakuletea cha kwanza. Kaka hajaliona bado hilo jina jipya, usimwambie. Ni hili ninalotia hapa chini.

Dada yako akupendaye daima,
Mwanamize