Kiungo cha Jumapili na tumbo la Ornella

Rumonge, Jumatatu. Joto la kunata. Mawingu yamelala juu ya ziwa upande wa Kongo tangu asubuhi na mvua inatishia tu, hainyeshi. Kichwa changu nacho kiko hivyo hivyo, kizito, na hakuna jibu linaloshuka.

Ornella hakwenda shule leo. Tumbo tena.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: Ornella ni binti yangu, ana miaka kumi na mmoja. Mwaka jana daktari wa Bujumbura alitueleza kwamba mwili wake haupatani na gluteni, kitu kilichomo ndani ya ngano na shayiri. Ikiingia hata kidogo, utumbo unaumia, anaharisha, anakonda, anachoka mpaka mkoba wa shule unamshinda. Dawa ya kumeza hakuna. Dawa ni kutokula. Basi mkate ukaondoka nyumbani, chapati zikaondoka, biskuti na makaroni zikafuata. Tukabaki na ugali wa muhogo, wali, ndizi, maharage na samaki wetu wa ziwani, na mtoto mashavu yakajaa. Nilijisifu kwa kila aliyenisikiliza, na hata kwa wasiotaka kunisikiliza.

Tangu Pasaka maumivu yamerudi. Si ya kila siku. Yanakuja Jumapili jioni, Jumatatu analala, katikati ya wiki anapata nafuu, halafu Jumapili inafika tena. Nani asingetafuta mchawi wake kwenye chakula cha Jumapili? Mimi nilimtafuta, na nilidhani nimempata.

Jumapili ni siku ya mabukwe, mama mkwe wangu. Anatoka Kigwena na chupa ya mawese, anapika mukeke, samaki wa ziwani, kwetu, na ndani ya mchuzi anatia kiungo, ule unga wa manjano wa kunogesha. Kwake mchuzi usio na kiungo ni mchuzi wa Jumanne. Kuwapa wajukuu mchuzi wa namna hiyo siku ya Jumapili ni kuwadharau.

Kiungo hicho sokoni wanakipima kwa kijiko na kukufungia kwenye kipande cha plastiki. Hakuna maandishi yoyote. Wiki iliyopita nilimng'ang'ania Baba Hamisi, muuzaji wetu, anionyeshe mfuko wenyewe. Akauvuta chini ya meza, akaupangusa vumbi kwa mkono. Chumvi, sukari, vitunguu, rangi, na kisha maneno mawili ya Kifaransa: amidon modifié.

Wanga uliobadilishwa. Umebadilishwa kutoka nini?

"Mama Ornella, Rumonge yote inakula hii," Baba Hamisi akasema. "Hakuna mutu iko mugonjwa."

Nikamwambia Rumonge yote si Ornella. Akacheka, akaniongezea kijiko cha bure. Nikasema murakoze, asante yetu, huku nimenuna, nikaondoka na unga niliokwenda kuushtaki.

Dada wa famasi alinituliza: wanga ni wanga, gluteni ni protini, hivi ni vitu viwili tofauti. Nilifurahi mpaka mlangoni. Hapo nikakumbuka kwamba unga wa ngano una vyote viwili. Nikaingia kwenye intaneti. Huko wanasema wanga huo mara nyingi hutoka kwenye mahindi, muhogo au viazi, na huo hauna neno. Lakini safari nyingine hutoka kwenye ngano, na gluteni kidogo inaweza kubaki. Wanasema pia kwamba katika nchi nyingi, ukitoka kwenye ngano ni lazima iandikwe. Kwa hiyo isipoandikwa, si ngano. Vizuri. Ila mfuko wa Baba Hamisi ulitengenezwa nchi gani? Pale panapotajwa nchi pamechubuka kabisa. Binamu yangu wa Kigoma akaniandikia kwamba ni mahindi, hakika. Nikamuuliza amejuaje. Ndivyo inavyojulikana, akasema.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi. Mwanafunzi akinijibu "ndiyo, hapana, mara nyingi" nampa sifuri.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba huenda wanga wenyewe ni muhogo. Muhogo! Tunaoloweka nyuma ya nyumba, tunaoanika kwenye mikeka kando ya barabara. Huenda ulikwenda kiwandani, ukapewa jina la Kifaransa, ukarudi kunitisha mimi niliyeuzoea tangu utotoni. Au ni ngano. Sijui. Nimesoma mpaka macho yananiwasha na sijui.

Jana basi nikaamua. Nikamwomba mabukwe asitie kiungo. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana.

"Nimelea watoto yangu yote na chakula yangu," akasema. "Hakuna mwenye nilitia sumu."

Nikasema hakuna aliyetaja sumu. Nikampikia Ornella chungu chake pembeni, chumvi, nyanya na mawese basi. Kwetu hapa, mkaza mwana akitenga chungu cha mama mkwe, amemtenga mwenyewe. Nilijua hilo na nikafanya. Mabukwe alikula, akaenda zake kabla ya chai. Mume wangu hajasema nami tangu hapo, isipokuwa kuuliza chumvi iko wapi.

Na jioni Ornella akashika tumbo. Vile vile.

Asubuhi hii nilikuwa nasugua miko kwa majivu, nikijiuliza kama nilichanganya mwiko wangu na wa mabukwe, kama kuna chembe iliyorukia chungu chetu. Ornella alikuwa amejilaza mkekani karibu yangu.

"Mama, usimukasirikie bibi," akasema. "Siyo kiungo yake."

"Ni nini sasa?"

Akageukia ukutani.

"Ni hostia."

Ornella alipata komunyo ya kwanza siku ya Pasaka. Tangu hapo anakomunika kila Jumapili, padri anamwekea hostia, kile kimkate cheupe, ulimini. Na katika mafundisho, kumbe, waliambiwa wazi kabisa: hostia ni unga wa ngano na maji, hakuna kingine. Watoto wengine walisikia somo. Wangu alisikia ugonjwa wake. Akanyamaza, kwa sababu gauni jeupe lilikuwa limeshashonwa na wenzake wote wanakwenda.

"Nilijua utanikataza," akasema. "Na nilifikiri Yezu hawezi kuniumiza."

Niliuacha mwiko kwenye majivu, nikakaa mkekani kando yake.

Mimi nilipekua mifuko ya watu sokoni, nikamsumbua dada wa famasi, nikamwondoa bibi wa watu mezani, na hostia haikunipitia akilini hata mara moja. Si kwamba nilisahau. Kwetu hostia si chakula. Huhesabu hostia unapohesabu ulichokula, hata maumivu yaliporudi na daktari akatuuliza upya kila kitu mtoto anachotia mdomoni, nilimtajia mpaka karanga, hiyo sikumtajia.

Bado sina uhakika. Kile kikaratasi chembamba hivyo kinaweza kumlaza mtoto siku nzima? Daktari alisema hata kidogo. Au ni hostia na kiungo kwa pamoja? Kesho nitampigia. Kisha nitakwenda kwa padri kabla ya Jumapili. Nimesoma kwamba kuna hostia zenye gluteni kidogo mno, na kwamba mtu anaweza kukomunika kwa divai peke yake. Parokia yetu ina hizo? Padri atakubali mtoto anywe kwenye kalisi, kikombe chake cha divai, mbele ya wote? Wenzake watamcheka? Na hata hiyo "kidogo mno", kwa Ornella ni kidogo kiasi gani?

Kigwena nako lazima niende. Nitamwomba mabukwe msamaha, nitakula mchuzi wake wa manjano na kuomba niongezwe. Ila kama ataniuliza kiungo chake ni kizuri kwa mtoto au kibaya, nitamjibu nini? Nitaomba msamaha bila kujua kama nilikosea.

Mambo hayo yote naweza kuyabeba. Kuna moja linalonishinda tangu asubuhi. Jana kanisani Ornella alirudi kwenye benchi, akapiga magoti, akafumba macho na hostia ikiwa bado ulimini. Mimi nilikuwa kando yake, bega kwa bega, namwomba Mungu anionyeshe ni kitu gani kinachomuumiza mtoto wangu.