Lori la Hatua Sitini

Nyumba za Kiwanda, Tororo
Jumatatu, 14 Septemba 1959

Kwa swahiba wangu Zubairi,

Asalaam aleikum. Najua utacheka kuona Mteso wa kijiji cha Mwello, tena Mkristo, anaanza barua namna hii, lakini miaka saba ya kupanda lori lako imenifundisha adabu. Natumaini karatasi hii itakukuta una nguvu, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa masika kimetulia. Namuulizia pia shemeji Aidah, na dada yako aliyewapokea huko Busia upande wa Kenya. Sisi huku tunapumua vumbi la saruji kama kawaida. Mama Asio anasema mtama umekubali mwaka huu, na unajua yeye hasemi hivyo mara nyingi. Binti yangu Asio naye hajambo. Mkono umepona kabisa, na siku hizi anaandika kwa kushoto. Herufi zake zinalala upande mmoja kama nyasi baada ya mvua, ila zinasomeka.

Barua yako niliipata Jumatano. Unasema Ijumaa hii anakuja mtu kutoka Mumias kulinunua lori. Unasema tangu mwezi wa sita, kila ukiwasha injini, unamsikia Asio akilia, mikono inakutetemeka, na dereva anayetetemeka si dereva tena. Kisha unaniomba mimi nisikasirike kwamba umechelewa kuliuza. Hapo ndipo niliposhindwa kuendelea kusoma. Zubairi, usiliuze lori. Nakusihi uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujamjibu mtu wa Mumias, hata kama katikati yake utatamani kuichana.

Ya siku ile ya sikukuu unayajua, lakini wewe uliyaona kutoka ndani ya lori, nami niliyaona kwa karibu. Niache niyapange upya.

Unaikumbuka ndege ndogo ya Bwana Pelham, mhandisi wetu wa umeme, ile ya vijiti na karatasi na injini ndogo isiyotoa cheche, yenye mabawa mapana kama mkeka wa kulalia mtoto. Alinikabidhi mimi niitunze kwa sababu nilikuwa mtu wa redio jeshini, na kichwa kilinivimba, nakiri. Nilikueleza mara nyingi ilivyofanya kazi, na wewe ukaniambia ni uchawi wenye betri. Bwana alisimama chini na kitufe mkononi. Akibonyeza, mawimbi yalikwenda mpaka kwenye ndege, na usukani wa mkiani uligeuka. Mawimbi yalitoa amri tu. Nguvu ya kuugeuza ilitoka kwenye mpira uliosokotwa ndani ya kiwiliwili. Kila amri ilikula msokoto kidogo. Kwa hiyo sheria ya kwanza ilikuwa kuusokota mpira upya kabla ya kila safari, na kazi hiyo ilikuwa yangu.

Adui yetu alikuwa kelele za hewani. Mashine ya kulehemu ikiwashwa karakana, usukani uliruka wenyewe. Pikipiki ikipita karibu, uliruka. Redio ile haikujua kuchagua. Kila cheche iliidhania ni amri ya Bwana. Ndiyo maana akaweka sheria ya pili, kwamba injini yoyote isiwashwe ndani ya hatua sitini. Siku ya sikukuu ya kiwanda nilizipima hatua hizo kwa miguu yangu, nikachomeka kijiti, nikakuambia uegeshe hapo na viti ulivyowaletea wageni. Uliegesha kijitini hasa, hata nikakutania kwamba unaegesha kama askari wa gwaride.

Ndege ilipaa vizuri. Ilizunguka uwanja mara mbili chini ya jua, na watu wote walikuwa wameinua nyuso. Dakika ya nne ikalala kushoto, ikakataa kurudi. Bwana alibonyeza, akabonyeza, akabonyeza kama mtu anayeua siafu. Ikawa inazunguka na kushuka, inazunguka na kushuka, na kila mzunguko ulikuwa mdogo kuliko uliotangulia. Wakati huohuo ukawasha lori ili uwasogeze kivulini akina mama waliokaa nyuma. Bwana aliusikia mngurumo, akakunyoshea kidole, akapiga kelele uzime. Ulizima. Ndege iliwaangukia wasichana wa shule, na Asio akainua mkono wa kulia kujikinga uso. Panga za injini, bado zinazunguka, zikamkata kidole cha shahada na cha kati.

Bwana si mjinga. Kitu cha kwanza alichokagua kwenye mabaki ni mpira, akaukuta bado umesokotwa, una nguvu. Ndipo akaligeukia lori lako. Jumatatu yake akaifunga redio kwenye meza karakana, lori likawashwa hatua kumi kutoka hapo, na usukani ukaruka kama panzi. Wewe ukasimama ukatetea haki yako kwa heshima. Ukasema siku ile hukuwa hatua kumi, ulikuwa sitini, na ukaomba upimwe kwa hatua sitini. Bwana alikuwa na kazi nyingi. Akasema mimi, Ekaju, nilikuwa mtu wa redio jeshini, basi Ekaju apime, na neno la Ekaju litakuwa la mwisho.

Tukaenda uwanjani, wewe na mimi tu. Tulipatana kwamba usukani ukiruka niinue kitambaa changu cheupe, usiporuka nikiache chini. Ulikanyaga mafuta mpaka moshi ukafunika magurudumu, ukatoa kichwa dirishani ukaniuliza kwa sauti, "Fundi, inaruka ao bado?" Nikainua kitambaa. Ukakanyaga tena. Nikainua tena. Mara ya tatu hukuuliza, ulikitazama kitambaa tu, na nilipokiinua uliweka kipaji cha uso juu ya usukani wa lori. Injini ilikuwa bado inanguruma.

Baada ya hapo lori lako likakatazwa kupita geti la kiwanda, na kazi yako ya kubeba saruji ikaisha. Lakini wewe hukulalamika. Ulikuja Mwello na mbuzi. Hakuna aliyekuita. Ulisema umeuliza watu wa kwetu mtu aliyemwaga damu ya mtoto hufanyaje, wakakuambia huja na mnyama, naye huketi na kula pamoja na wenye mtoto. Ukamchinja kwa mkono wako ili nawe uweze kula nasi. Mama Asio akasema mbele ya wazee kwamba hana kinyongo nawe. Mimi nilikaa karibu nawe kwenye kigoda, nikapewa ini kama baba wa mtoto, nikalila.

Sasa nasema, maana nimezunguka vya kutosha. Usukani haukuruka. Kwa hatua sitini haukutikisika hata kidogo, mara zote tatu. Nilikuwa nimeinama kabisa, pua yangu karibu inaugusa, nikauona umetulia, nikainua kitambaa. Lori lako halikumkata Asio. Halikufanya lolote siku ile ila kutaka kuwapeleka akina mama kivulini.

Kilichoiangusha ndege ni mimi. Asubuhi ya sikukuu makarani na wake zao walikuja kuiona chini kabla haijaruka, nami nikajitia ubingwa. Nikabonyeza kitufe, mkia ukapunga, wakacheka. Nikabonyeza tena. Walitaka wamwone Mteso anayeamrisha ndege bila kuigusa, na mimi nilipenda kutazamwa. Asio alikuwa kando yangu akihesabu kwa sauti, akafika themanini na saba. Kila mara mkia ulipopunga, mpira ulikuwa unakwisha. Bwana alipofika aliuliza kama nimeusokota upya. Nikamjibu, "Tayari, Bwana." Nilikuwa nimesahau, na niliona aibu kuifungua ndege tumbo mbele ya watu walionipigia makofi. Nikajiambia kwamba misokoto iliyobaki itatosha. Ilitosha dakika nne, kisha usukani ukakwama umegeukia kushoto.

Kama ningekomea hapo ningekuwa mzembe tu, na mzembe husamehewa. Lakini utakumbuka nilikuwa wa kwanza kufika ilipoangukia. Kila mtu alinisifu kwa mbio zile, wakasema baba amemkimbilia mwanawe. Zubairi, nilipofika niliishika ndege kwanza. Asio alikuwa amekaa chini, hatua moja kutoka kwangu, ameushika mkono wake, damu inamwagika kwenye gauni la shule, na wala hakuwa akilia bado. Nami nikapiga goti nikaingiza kidole mkiani palipopasuka, nikausokota mpira mara kumi na tano ili Bwana akija aukute una nguvu. Nilikuwa nahesabu. Nilipofika kumi na tano ndipo nikamgeukia mtoto. Kilio ulichokisikia kutoka kwenye lori ni cha wakati huo, nilipombeba.

Sikuogopa kazi peke yake. Niliogopa Mama Asio ajue, na nilikuogopa wewe. Nilipoona lawama zinakuelekea nilijitia hamnazo kwa siku moja, kisha ya pili, na kila siku iliyopita ilizidi kunifunga mdomo.

Juzi niliwasomea watu wa nyumbani barua yako, kwa unafiki uleule. Jana Jumapili, tukitoka kanisani, Asio aliniuliza kwa nini baba Zubairi anauza lori wakati lori halikukosa. Akasema alizihesabu zile themanini na saba. Akasema pia aliona kidole changu kikizunguka mkiani. Miezi hii yote alidhani ndege nayo ilikuwa imeumia, tena vibaya kuliko yeye, ndiyo maana nilianza nayo. Jana hakuwa akidhani hivyo tena. Aliniuliza tu, kisha akatembea mbele yangu mpaka nyumbani.

Nilimweleza Mama Asio mchana uleule. Ameniwekea chakula, na chake amekilia jikoni. Leo saa nne asubuhi nilimweleza Bwana Pelham. Hakufoka. Alichukua daftari lake, akafuta mstari mmoja, akaandika mwingine, kisha akaninyoshea mkono nimpe funguo za karakana. Karatasi ndogo utakayoikuta humu ni ya kwake, ina sahihi yake. Lori lako linaruhusiwa getini kuanzia leo.

Sitakuomba msamaha kwa barua, maana nimekwisha kukudanganya ukinitazama kwa macho. Alhamisi nitakuja na mbuzi nyuma ya baiskeli, nikipitia Busitema. Ni beberu mwekundu wa Mama Asio, na ametaka mwenyewe nimchukue. Nitamfunga mlangoni kwako, kisha nitarudi nyuma hatua sitini, nitazipima sawasawa, nisimame barabarani. Ukimchinja, nitakuona na nitakuja. Usipomchinja pia nitakuona, nami nitarudi Tororo bila kukuudhi kwa maneno. Vyovyote utakavyoamua, liwashe lori. Liwashe Alhamisi hiyohiyo niusikie mngurumo wake, na ukiwa ndani yake ujue kwamba ni safi.

Msalimie shemeji Aidah. Msalimie dada yako, nisiyemjua na ambaye labda hatataka kunijua. Barua itabebwa na Jamiru muuza vitunguu, anayeondoka kesho alfajiri. Usishangae mwandiko wa kwenye bahasha. Nilikwisha kuandika barua kama hii mara mbili, nikaifungia sandukuni, na Asio amenikataza kuiandika bahasha ya tatu. Ameandika jina lako mwenyewe, anangoja nimalize aibandike, na atampelekea Jamiru kwa mkono wake.

Ni mimi, niliyekula ini,

Ekaju